Fundi Aliyesikiliza Ukuta kwa Kiganja

Mpini wa nyundo ukigonga ukuta ndio ulioniamsha asubuhi ile ya kwanza. Ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko, ko tena, na ghafla mlio ukabadilika, ukawa mzito na mpana, kama mtu aliyegonga debe lililofunikwa kwa blanketi. Nilikuwa bado kitandani, kitanda tulichokuwa tukilala mimi na dada yangu Minza, na mwanga wa asubuhi ya mwezi wa sita ulikwisha kupenya chumbani. Vumbi jembamba lilidondoka kutoka juu ya dirisha na kuelea katika mwanga ule. Nikasukuma dirisha la mbao, nikachungulia. Nje alisimama mwanamume mwenye mabega mapana, kofia ya sufu kichwani na suruali iliyokatwa magotini. Kwa mkono wa kulia alikuwa ameishika nyundo kwa upande wa chuma, anagonga kwa mpini. Mkono wa kushoto ameulaza ukutani, vidole vimetanuka, na macho ameyafumba. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaendelea kugonga, akisogeza kiganja kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha gizani. "Usijisumbue," Minza akasema kutoka chini ya shuka. "Hasikii huyo. Ndiye bubu aliyeletwa na Baba."

Tulikuwa tukiishi Nyahanga, Kahama, miaka ambayo Nyahanga bado ilikuwa na mashamba ya mihogo katikati ya nyumba na ng'ombe wakipita barabarani asubuhi kwenda malishoni. Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambulia pamba, na msimu wa pamba ulipoanza alirudi nyumbani jioni na nyuzi nyeupe kwenye nywele, masikioni, hata kwenye nyusi, tukamcheka kuwa amezeeka tangu asubuhi. Nyumba aliijenga mwenyewe kabla sijazaliwa, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na juu yake lipu nyembamba ya saruji. Nilipokuwa mdogo sana aliipaka rangi ya mafuta, buluu inayong'aa, kuta zote za nje kutoka msingi hadi chini ya bati. Hakukuwa na nyumba nyingine ya namna hiyo mtaani kwetu. Watu waliokuja kwa mara ya kwanza waliigusa kwa vidole, wengine wakainusa. Baba alipomwelekeza mtu nyumbani hakutaja barabara wala jirani. Alisema tu, "Uliza nyumba ya buluu."

Lakini jua la Kahama halina huruma na rangi ya mafuta. Ilianza kuvimba malengelenge, yakapasuka, ikajikunja kama maganda ya kitunguu. Lipu nayo ikaweka nyufa, hasa upande wa magharibi, kilipokuwa chumba chetu. Mwaka mmoja kabla ya hayo ninayoyasimulia Baba alimwita fundi mmoja kijana, akapiga lipu mpya juu ya rangi ileile, bila kuikwangua. Ukuta wa mbele ukapendeza kwa wiki tano. Baada ya hapo lipu ikaanza kuachia, mabamba makubwa kama milango yakaporomoka moja baada ya jingine, na kila bamba lilipoanguka buluu ya zamani ikatokeza chini yake, safi, inang'aa, kana kwamba inatucheka. Safari hii Baba hakuwa na nafasi ya kukosea tena. Minza alikuwa amechumbiwa na mwalimu kutoka Katoro, na mwezi wa nane wakwe walikuwa waje nyumbani kwetu na wazee wao. Baba hakutaka waikute nyumba yake imechunika kama mbuzi.

Aliyempendekeza fundi huyu alikuwa Bwana Amirali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Baba alikwenda kununua saruji na mimi nikamfuata kwa matumaini ya kupata peremende. Bwana Amirali alimwuliza kazi ni ya nani. Baba alipomweleza yaliyompata mwaka jana, akainua mikono juu. "Baba Minza, umepiga lipu juu ya rangi ya mafuta? Lipu itashika wapi? Chukua huyu bubu wangu. Alifundishwa na mzee mmoja huko Tinde. Hasikii, hasemi, lakini sijawahi kuletewa lalamiko moja juu ya ukuta wake." Baba akauliza atazungumza naye vipi. Bwana Amirali akacheka. "Mwache afanye kazi. Utamwelewa tu."

Siku ile ya kwanza hakubandua hata punje moja ya rangi. Alizunguka nyumba nzima akigonga na kupapasa, na kila mahali kiganja kilipomwambia jambo aliweka alama kwa mkaa. Palipokuwa pazima alichora mstari. Palipokuwa na uwazi, lipu imeachana na tofali ingawa kwa macho huoni kitu, alichora duara. Jioni nyumba yetu ya buluu ilikuwa imejaa maduara meusi, makubwa kwa madogo, na majirani walisimama barabarani wakicheka. "Mayu," mama mmoja akamwambia mama yangu, "nyumba yako imeshikwa na tetekuwanga." Mama akacheka naye. Baba, aliyerudi kazini na pamba zake nywelini, hakucheka. Alimtazama fundi, akamwonyesha saa mkononi. Fundi akamtazama, akaitazama saa, akaipiga piga kwa ukucha kama mtu anayeipima kama ni nzima, kisha akaangua kicheko kikubwa sana, kicheko cha mtu asiyejua kina ukubwa gani. Nilimwona Baba akijizuia asitabasamu.

Kazi yenyewe ilianza kesho yake, na kwa siku nyingi sikuondoka pale. Nilidhani nitaona mtu akibomoa. Nilichokiona kilikuwa na uangalifu mwingi kuliko nilivyowahi kuuona kwa mtu mzima yeyote, ukimwondoa Mama akinyoa kichwa cha mtoto mchanga. Kwenye maduara aliingiza tindo kwa kuilaza, akagonga mara mbili, na lipu iliyokufa ikaachia kipande kizima hadi matofali yakaonekana mekundu. Kisha akachokoa udongo kati ya tofali na tofali kwa kina cha ncha ya kidole, ili lipu mpya ipate pa kuingia na kung'ata. Kwenye mistari, palipokuwa pazima, aliikwangua rangi kwa brashi ya waya hadi mng'ao ukafa. Baada ya hapo akaudonoa ukuta kwa ncha kali ya nyundo, tundu baada ya tundu, karibu karibu, mpaka ukafanana na uso wa mkate wa ufuta. Alinishika mkono akanipitisha kwanza penye rangi, palipoteleza kama sahani, kisha penye madonoa, palipokwaruza. Akakunja vidole vyake viwili vikawa kama kucha za paka, akavikita kwenye kiganja chake kingine. Nilielewa: huku kunashika, kule hakushiki. Hilo ndilo somo la kwanza la ujenzi nililolipata, na nililipata bila neno hata moja.

Mimi na Minza kazi yetu ilikuwa maji. Ukuta uliodonolewa lazima uoshwe vumbi lote, na kabla ya lipu lazima unywe maji hadi ushibe, la sivyo utayanyonya ya saruji na saruji itakufa. Maji tuliyachota kisimani, mbali, kwa ndoo, na Mama alilalamika kwamba ukuta unaogeshwa mara mbili kwa siku wakati watoto wanaoga mara moja. Kadiri siku zilivyokwenda ndivyo tulivyoanza kuzungumza na fundi. Fundi alimpa kila mmoja wetu jina la ishara. Baba alikuwa mkono uliozunguka juu ya tumbo. Mama alikuwa vidole viwili vikibana ndewe ya sikio, kwa sababu ya hereni zake. Minza alikuwa kidole cha pete. Mimi nilikuwa pua iliyobanwa, maana mwezi ule wote nilikuwa na mafua. Kupiga mguu chini mara moja maana yake nitazame. Mara mbili maana yake leta maji. Alikuwa na hasira za haraka, ndoo ikichelewa alirusha mwiko chini, na dakika ileile akausahau. Tena hakuwa malaika wa kutokosea. Ukuta wa jikoni aliuchorea duara kubwa, akaingiza tindo, akakuta lipu imegandana na tofali kama jiwe moja. Akajigonga kichwa kwa kifundo cha kidole, akatucheka sisi tuliokuwa tukimtazama, akaendelea.

Ukuta wa magharibi aliuacha mwisho. Aliugonga upya, peke yake, ingawa alikwisha kuuwekea alama siku ya kwanza. Juu ya dirisha la chumba chetu palikuwa na duara kubwa kuliko yote nyumbani. Akaweka kiganja. Akagonga. Akaondoa kiganja akaweka shavu. Akashuka kwenye pipa alilokuwa amelisimamia, akaingia chumbani kwetu bila kuomba ruhusa, akapanda juu ya kitanda na kugonga kwa upande wa ndani. Alipotoka nje uso wake ulikuwa umebadilika. Akaosha nyundo, tindo na mwiko, akavipanga chini kwa mstari, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakugusa ukuta tena.

Mama ndiye aliyemwona kwanza. Akamwuliza kwa mkono kuna nini. Fundi akanyoosha mkono wake wa kushoto ukalala mbele ya kifua kama mti, kisha kwa vidole vya mkono wa kulia akawa anauchezea kwa haraka haraka, vidole vikifunguka na kufumba, vikipanda kutoka kiwiko hadi kiganja, huku anatafuna kwa meno. "Ana njaa," Mama akasema, akamletea sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kikombe cha maziwa ya mgando. Fundi akaisukuma sahani. Akarudia ishara zile, kwa nguvu zaidi, akionyesha dirisha. Mama akadhani michembe haikumpendeza, akaenda kusonga ugali. Ugali nao ukarudi.

Baba aliporudi kula mchana akaukuta mgomo huo. Nakumbuka alivyosimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mtu unamletea chakula anakataa. Kazi nayo hataki. Sasa anataka nini?" Mama akamwambia labda amechoka. "Amechoka kukaa? Wakwe wanakuja baada ya wiki tatu, Mama Minza. Ukuta huu ukibaki na vidonda hivi nitawapokea wapi?" Akamwendea fundi, akaokota mwiko, akamkabidhi mkononi na kumwonyesha ukuta. Fundi akauweka mwiko chini. Baba akauokota tena. Fundi akauweka chini tena, taratibu, akamtazama machoni na kutikisa kichwa. Sikuwahi kumwona mtu akimkatalia Baba namna ile, bila sauti, bila dharau, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Majirani wawili walikwisha kusimama kwenye uzio. "Basi," Baba akasema. "Kesho namleta fundi mwingine. Huyu aende zake."

Lakini hakuondoka. Baba akaingia ndani kula, na yeye akabaki pale juu ya ndoo, chini ya dirisha, jua la saa saba likimchoma. Nilikwenda nikasimama mbele yake kwa sababu niliona haya. Akanitazama kwa muda, kisha akapiga mguu chini mara moja. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kona ya ukuta, akakilaza kiganja changu penye madonoa, akagonga karibu yake. Nilihisi pigo moja, fupi, gumu, kama kugonga jiwe la mlimani. Akaninyanyua akanisimamisha juu ya pipa, kiganja changu akakilaza katikati ya lile duara, juu ya dirisha, akagonga tena.

Mpaka leo nikijaribu kueleza nilichokihisi naishiwa maneno. Ukuta ulitetemeka. Ulitetemeka kama ngozi ya ngoma, kama ubavu wa ng'ombe anayefukuza inzi, na mtetemo ule ukaingia mkononi mwangu hadi begani. Halafu nyuma ya mtetemo nikahisi kitu kingine, mnyeo mdogo, vijidudu maelfu vikikimbia, au labda hicho nilikiongeza baadaye kwa akili za kitoto. Niliutazama ukuta niliolala chini yake tangu kuzaliwa nikaona siujui. Fundi akaweka mkono wake mbele yangu, ukalala kama mti, vidole vikapanda juu yake vikitafuna. Safari hii nikaelewa. Nikaruka kutoka kwenye pipa nikakimbilia ndani.

"Baba, hasemi njaa. Anasema mchwa!"

Baba alikuwa ananawa mikono. "Mchwa wapi? Nyumba hii ni ya tofali za kuchoma."

"Ule ubao wa juu ya dirisha. Anasema wameula. Ndani hamna kitu, Baba, nimeshika mwenyewe."

"Umeshika mwenyewe," akarudia, akataka kucheka. Lakini Minza, ambaye kwa kawaida hakubishana naye, tena katika wiki zile ndiyo kabisa, akasema kwa upole, "Baba, sisi ndio tunaolala pale." Baba akajifuta mikono, akatoka nje. Majirani bado walikuwa kwenye uzio, nao wameongezeka. Nadhani hilo ndilo lililokuwa zito kwake kuliko mchwa. Alipanda juu ya pipa, mtu mzima mwenye tumbo na kalamu mfukoni, akaweka kiganja mahali nilipoonyesha. Fundi akagonga. Baba akaondoa mkono kama aliyeungua. Akaurudisha. Fundi akagonga tena. Kisha nikamwona baba yangu akivua kofia, akaegemeza shavu kwenye rangi ile ya buluu aliyoipenda, akafumba macho. Fundi akagonga mara ya tatu. Hakuna aliyecheka uzioni.

"Toeni vitanda," Baba akasema.

Tukatoa kila kitu, vitanda, sanduku la Minza lenye vitenge vyake vya harusi, ndoo, viatu. Majirani waliokuja kutazama wakageuka wasaidizi. Miti minne ikaletwa, wakaegemeza paa kwa ndani kama fundi alivyoelekeza kwa mikono, huku akipiga mguu chini kila mtu alipokosea. Alipohakikisha miti imeshika alitusogeza wote nyuma hadi kwenye barabara. Akapanda, akailaza tindo pembeni mwa duara, akagonga mara moja tu.

Lipu ikaachia yote kwa pamoja. Bamba zima la buluu, pana kama kitanda, likateleza chini likavunjika miguuni pa ukuta. Tukaona. Ubao uliobeba matofali juu ya dirisha letu ulikuwepo, una umbo la mbao, una rangi ya mbao, hata misumari ilionekana. Fundi akanyoosha kidole akausukuma, na kidole kikazama hadi kwenye kifundo cha pili, kama kwenye ugali. Kutoka pale kijito cheupe cha mchwa kikamwagika ukutani. Walikuwa wamejenga humo. Udongo uliounganisha matofali walikwisha kuubeba na kuupanga upya kwa njia zao, mashimo na mapango na ngazi nyembamba kama karatasi, kwenda juu hadi kwenye mbao za paa. Lilikuwa jambo la kutisha na lilikuwa zuri. Mama aliyekuwa amenishika bega alinong'ona jina la Mungu. Nilifikiria jinsi nilivyolala usiku wote ule, miaka yote ile, na mji mzima ukifanya kazi juu ya kichwa changu. Kilichoushika ukuta usianguke, fundi alituonyesha kwa kuokota kipande na kukibonyeza kati ya vidole, kilikuwa ngozi ile tu ya lipu na rangi ya mafuta.

Akatusogeza nyuma zaidi. Akachukua mti mrefu, akasimama kwa upande, akausukuma ukuta juu ya dirisha. Haukuhitaji msukumo wa pili. Matofali yakainama kwa ndani, polepole kwanza, kama mtu anayesinzia, kisha yakaporomoka yote na ardhi ikatikisika. Vumbi jekundu likatoka dirishani likatufunika. Lilipotulia tuliingia kuangalia. Rundo lilikuwa limelala pale palipokuwa na kitanda, upande wa mito, juu kufikia kiunoni kwangu. Minza akaanza kulia. Mama akakaa chini palepale kwenye kifusi, akamvuta mapajani kama mtoto mdogo, bibi harusi mtarajiwa na miguu yake mirefu.

Baba alitoka nje. Nilimfuata. Fundi alikuwa akijipukuta vumbi kwenye kofia. Baba akasimama mbele yake na nikaona hajui afanye nini na mikono yake. Lugha yetu ndogo haikuwa na ishara ya jambo lile. Akajionyesha kifuani. Akaonyesha ukuta. Kisha, mbele ya majirani wote, akajigonga kichwa kwa kifundo cha kidole, kama alivyofanya fundi siku ile alipokosea ukuta wa jikoni. Fundi akaangua kile kicheko chake. Baba akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo. "Wabeja," akasema. "Wabeja sana." Alilisema neno hilo la shukrani kwa Kisukuma, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba yule angelisikia vizuri zaidi hivyo.

Jioni ile akamwuliza Bwana Amirali, aliyefika na gari lake kuona yaliyotokea, fundi huyu anaitwa nani hasa. Bwana Amirali akasema, "Sisi tunamwita Bubu tu. Miaka sita sasa." Wote wawili wakamgeukia fundi. Sijui alisoma nini nyusoni mwao, lakini aliokota mkaa wake, akachagua tofali safi karibu na kona, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, SHIJA. Hakuna aliyejua kwamba anaweza kuandika. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Siku kadhaa baadaye, ukuta ulipojengwa upya na linta ya zege, iliyochukua nafasi ya ule ubao, ikakauka, alirusha rojo la saruji juu ya jina lile kama alivyolirusha kwingine kote, na lipu ikafuata. Sikumwona akisita.

Wakwe walikuja lipu ya upande wa magharibi ikiwa bado na unyevu, kijivu iliyokolea, haina rangi yoyote. Baba aliwapeleka huko kwanza, kabla ya sebuleni, akawasimulia habari yote, pamoja na sehemu ya ugali uliokataliwa na ile ya mwiko. Baba mkwe wa Minza alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaomba aoneshwe mahali pa kugonga. Mwisho wa mwaka ule zikaja mvua za El Nino. Nyumba nyingi za matofali ya udongo Nyahanga zililala chini, na familia mbili zilihamia kwetu kwa mwezi mzima, zikalala katika chumba kilekile. Shija tulikwisha kumpoteza. Bwana Amirali alisema alikwenda upande wa Geita, ambako watu walikuwa wakimiminika kwa ajili ya dhahabu na kujenga kwa haraka. Baba alimwulizia kila alipokwenda Katoro kumwona Minza. Mara moja aliambiwa kuna fundi kiziwi sokoni, akakimbia. Alikuwa mtu mwingine.

Leo naishi Katoro mwenyewe, jirani na dada yangu, na mwaka juzi nilikarabati vyumba vyangu vya mbele. Fundi alikuwa kijana mwenye simu mbili na pikipiki. Nilipomwambia aikwangue rangi kabla ya lipu alinionyesha ndoo ya dawa ya kushikisha, akasema, "Mama, siku hizi hatuumizani hivyo." Akaipaka kwa rola siku moja, akapiga lipu siku ya pili. Nilijiandaa kumlaumu. Mpaka leo lipu ile haijaachia hata kona moja, na sina budi kusema ukweli huo.

Mwezi uliopita nilikuwa mjini Geita, nikapita mbele ya duka la simu. Vijana wawili, msichana na mvulana, walikuwa wakizungumza kwa mikono mlangoni. Nilisimama. Sikuwahi kuona mikono ikienda kwa kasi ile. Walibishana, wakataniana, msichana akamkatiza mwenzake katikati, mvulana akageuza macho kwa kuchoka, wakacheka wote wawili, na mimi niliyejidhania najua kitu sikuambulia hata ishara moja. Mwenye duka akaniambia walisoma shule moja, na kwamba kwa lugha ile wanaelewana na viziwi wenzao hadi Mwanza, hadi Dar es Salaam. Nilibaki pale barabarani nikimfikiria Shija, ambaye sidhani kama aliwahi kuwa na mtu wa kumkatiza maneno namna ile. Katika kila nyumba aliyopewa ukuta alianza lugha upya na watu wa pale, jina kwa jina, akaijenga kwa wiki sita au saba mpaka wakaelewana, kisha akafunga vyombo vyake na kuiacha hapo.